Aliyeachwa Ndani ya Basi

Mama alishuka kwenye basi peke yake, ngazi zote tatu, bila kushika popote. Abiria walipiga makofi.

"Hewa ya kisiwani hiyo!" dereva alisema.

Binti yake, kiongozi wa msafara, alicheka pamoja nao, lakini macho yake yalibaki kwenye miguu ya mama. Magoti ya mama yalikuwa mabovu miaka miwili sasa. Asubuhi ile ile walimpandisha watu wawili.

Na kosa lilikuwa lake, hakuna wa kumsingizia. Kwenye feri utaratibu ni mmoja: basi likishaingia, abiria wote wanashuka, wanavuka wakiwa juu kwenye mabenchi, basi linafungwa tupu. Kila wiki yeye ndiye aliyewafokea wavivu. Leo mama alikuwa amepitiwa na usingizi, na ngazi za kwenda juu ni kali. Binti akamwonea huruma, akamfunika koti, akamwambia dereva afunge mlango. Robo saa tu, alijiambia.

Kisiwani mama alipanda kilima cha kutazamia mandhari akiwaacha vijana nyuma wakihema. Hakutoa jasho. Watu walipiga picha bahari na mnara wa taa. Mama aliwatazama watu.

"Mama, hujachoka?"

"Nichoke na nini? Nimekaa sana."

Binti aliinama kumweka sawa koti, akarudi nyuma. Mama alinuka chuma chenye kutu na maji ya chumvi yaliyolala siku nyingi.

"Mama," alinong'ona, "nyumbani huwa unaniita nani?"

Mama alitabasamu, akafikiri. "Nikuite upendavyo. Nyumba yetu ina vyumba vingapi?"

Wakati wa kurudi binti alimtafuta baharia mzee wa feri, akamweleza kwa sauti ya chini. Mzee aliacha kamba aliyokuwa akiifunga.

"Nani alimwacha humo?"

"Mimi."

"Ah, mwanangu. Unadhani tunawashusha watu kwa kupenda kusumbua? Humu chini kuna jini hana pa kukaa. Akimkuta mtu amelala, wanabadilishana."

"Mama anarudishwaje?"

"Mganga tulishamleta. Alivuka nasi mara saba, akashuka analia." Mzee aliinamisha kichwa. "Harudi, mwanangu. Nenda kamuage."

Binti akaingia kwenye basi, akajifungia na yule aliyeketi kiti cha mama. Feri ikang'oa nanga, injini ikaanza kunguruma chini ya miguu yake, na ndani ya ule mngurumo akasikia kucha zikikwaruza bati, kwanza mbali kama panya darini, kisha karibu, kisha chini ya zulia alilokanyaga, na baada ya kucha ikaja sauti, sauti yenyewe ya mama, ile ya kumwamshia shule, ikisema, "Kitinda, magoti yananiuma, kuna maji huku, nitoe mwanangu," naye akaanguka kifudifudi kwenye ujia kati ya viti, akakwangua zulia mpaka vidole vikatoa damu, akiita mama, mama, niko hapa, huku yule kwenye kiti akimtazama kwa utulivu, kama mtu anayengoja chai ichemke.

"Nichukue mimi," binti alisihi. "Mrudishe yeye."

"Wewe nakuhitaji. Nani atanionyesha njia ya nyumbani?"

Feri ikagota gatini. Dereva akaingia, akalitoa basi hadi nchi kavu, na abiria wakapanda wakiwa na vicheko na mifuko ya makombe ya baharini. Nyuma, feri ilikuwa inapakia magari mengine. Sauti bado aliisikia kutoka kule, nyembamba, ikimwita. Hakuna mwingine aliyegeuka.

Aliwaza kupiga kelele. Aseme nini? Kwamba mama yake yuko chini ya feri, wakati mama yuko pale mbele ya macho ya watu wote, mzima kuliko alivyokuja? Wangemshika yeye, wampeleke hospitali, na yule angebaki na funguo za nyumba na wajukuu wanaomsubiri bibi mlangoni.

"Kiongozi," dereva aliita, mkono kwenye gia, "tumekamilika? Hatujaacha mtu?"

Mkono wa baridi ukaushika wake.

"Tumekamilika," alisema. "Twende."