Utabiri wa Alhamisi

Kwanza zilikuwa sindano. Mtabiri wa kwenye simu alimwambia fundi cherehani kwamba tatu zingekatika kabla ya adhuhuri, nazo zikakatika, huku chumba kikinuka nywele zilizoungua. Fundi hakushtuka. Tangu amzike mumewe, hakuna kilichomshtua. Alibadilisha sindano, akaendelea kushona.

Siku iliyofuata akaambiwa kioo kingepasuka. Kikapasuka.

Jumatatu mtabiri akanong'ona, "Alhamisi binti yako ataanguka ngazini. Hatainuka."

Fundi akampigia kaka yake, mwinjilisti, akamsimulia yote na kumwita aje. Alipoingia na kuisikia ile harufu, akasalimia kwa sauti ya chini.

"Anayosema mtabiri huyu yanatimia, kaka," fundi alisema, kama anayesoma vipimo vya suruali. "Kama ya manabii wako."

"Dada, Mika aliutaja mji wa Bethlehemu mamia ya miaka kabla mtoto hajazaliwa pale. Yeye alishakufa zamani, angesukuma nini ili yatimie? Hebu niambie, sindano zilikatikaje?"

"Kama kuna mtu aliyezishika."

"Basi huyo hatabiri. Anatangaza atakachofanya. Hilo ni jini, dada."

Alhamisi asubuhi binti alianza kushuka na begi lake la shule, mama akimngoja chini, mjomba akimfuata nyuma, na ile harufu ikaja nzito, na ukutani kucha zikasikika zikikwaruza, zikishuka taratibu sawa na hatua za mtoto, hata gauni lake likabonyea mgongoni, alama za vidole vitano bila mkono wowote, naye akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, nani ananishika?" na mjomba akamrukia, akamkumbatia, akalikemea lile jini kwa jina la Yesu mpaka sauti ikamkauka, mpaka kucha zikanyamaza na harufu ikakatika.

Jioni binti alikuwa mzima, anacheka.

"Nabii akikosea hata mara moja, hakutumwa na Mungu," mwinjilisti alisema huku akifuta machozi. "Amekosea, dada. Umeona mwenyewe."

Fundi alitaka kulia pia. Machozi hayakuja.

Ijumaa simu ikaita.

"Umekosea," fundi alisema. "Mwanangu mzima."

Sauti ikajibu, polepole, bila hasira.

"Sikusema Alhamisi ipi."

Fundi akakata simu. Akainua cherehani yake, akaihamishia chini, pale ngazi inapoishia, akaketi akiielekea, akaendelea kushona.