Twita ya Mlango wa Kulia

Birika la nyumbani kwao lilikuwa la filimbi. Maji yakichemka, lilipiga ukelele mwembamba wa kukera, hata paka akakimbilia uvunguni. Kila asubuhi baba alikaa kando ya jiko akifunga kamba za viatu. Birika likalia weee, naye hata hageuki. Binti yake ndiye aliyetoka chumbani mbio, vifungo vya sare havijafungwa, akaliepua kabla mama hajaanza kuuliza maswali.

"Kumbe yamechemka," baba alisema akitabasamu.

"Ndiyo, baba. Sasa hivi tu."

Basi ukawa uongo mdogo wa kila siku, kama kuswaki.

Baba alikuwa fundi wa redio za magari. Gari likitoka kiwandani huwa na spika moja tu katika kila mlango, na wapenda muziki hawaridhiki. Humwendea fundi awaongezee twita, yaani vispika vidogo vinavyokaa pembeni mwa dirisha, kazi yao kutoa sauti za juu tu: filimbi, matoazi, sauti za watoto wanaoimba. Kwa kazi hiyo Fundi alikuwa hodari, asikudanganye mtu. Alifungua mlango wa gari bila kuacha hata mkwaruzo. Aliunga waya kutoka kwenye spika kubwa, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, na kwenye waya wa chanya akaweka kapasita, kidude kisichozidi ukubwa wa pipi.

"Huyu ndiye bawabu," alimweleza bintiye. "Mdundo mzito ukitaka kupita, anauambia rudi ulikotoka. Sauti nyembamba anaipisha. Usipomweka, twita inaungua."

Tabu ilikuwa kwamba tangu ujana wake Fundi alipima muziki kwa sauti ya mwisho, kichwa ndani ya gari, milango imefungwa. Masikio yalianza kwa kuvuma akilala. Kisha sauti nyembamba zikamkimbia moja moja: filimbi ya birika, mlio wa simu, hata binti yake mwenyewe akimwita kwa mbali. Wenzake gerejini hawakujua. Walimwona tu binti akipita pale kila akitoka shule, akaketi ndani ya gari lililomalizika na kusikiliza. "Sikio hilooo, limefika!" walimtania, wakidhani Fundi anadekeza mtoto, na jina la Sikio likamganda. Kumbe wawili hao walikuwa na ishara zao. Twita zikilia sawasawa, Sikio aliinua dole gumba. Pakiwa na kasoro, alijikuna pua, na baba akajua pa kurudi.

"Hii ni siri yetu, mwanangu," baba alimwambia. "Mama yako akijua ataniachisha kazi. Na nani atamletea gari fundi wa muziki asiyesikia?"

Sikio aliahidi. Na tuseme ukweli, alipenda kuwa na siri na baba. Alipenda kuhitajiwa.

Siku moja shule iliwachelewesha wanafunzi kwa mazoezi ya michezo, na Fundi akamaliza gari la mwalimu wa kwaya peke yake. Kesho yake Sikio alipofika gerejini, alimkuta mwalimu huyo, mzee mwenye miwani, amesimama kando ya gari lake.

"Fundi, twita ya kulia hailii," alisema kwa upole. "Nimeweka nyimbo za watoto wangu, naona sauti zote zinatoka kushoto."

"Haiwezekani, Mwalimu! Nimeipima mwenyewe." Fundi alicheka kidogo, kisha akamtazama binti yake. "Mwanangu, hebu ingia usikilize."

Sikio aliketi. Kushoto watoto waliimba vizuri kabisa. Kulia, spika kubwa ilidunda peke yake, juu yake kimya. Angepaswa kujikuna pua. Lakini mwenye gari yuko palepale, mafundi wengine wamesogea kutazama, na macho ya baba yanamwomba. Dole gumba likainuka.

"Unasikia kweli, binti? Upande wa kulia?"

"Nasikia, Mwalimu."

Mzee alivua miwani, akaifuta, akasahau kuivaa tena.

"Basi ni mimi," alisema polepole. "Sauti za juu ndizo hutangulia kuondoka uzeeni, najua. Nilijidanganya kwamba bado nazisikia zote." Akatafuta funguo mfukoni. "Samahani, Fundi, nimekusumbua bure. Itabidi watoto watafutiwe mwalimu mwingine. Mtu asiyesikia hafundishi kuimba."

Akafungua mlango wa gari aondoke.

Uongo wa Sikio ulikuwa wa kumlinda baba. Hakujua kwamba ungempokonya mtu mwingine maisha yake. Alishuka mbio akamshika mzee kiwiko cha mkono.

"Usiende, Mwalimu! Si wewe! Twita ya kulia haitoi kitu. Nimekudanganya. Baba ndiye... baba hasikii."

Aliyekuwa akigonga bati akaacha. Fundi alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono magotini, na Sikio akalia, maana alijua hayo maneno hayarudishiki mdomoni.

"Mtoto hana kosa," Fundi alisema mwishowe. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

Mwalimu wa kwaya angeweza kukasirika, na haki alikuwa nayo. Lakini alivuta tairi kuukuu, akaketi karibu na Fundi, akasema kwa sauti nzito ili asikike, "Pole sana, Fundi. Dakika moja tu nimeonja hofu yako, na imenitosha. Nenda kwa daktari wa masikio."

Jioni ile Fundi alimweleza mkewe yote, kisha wakaenda watatu, baba, mama na Sikio. Daktari alimweka Fundi katika chumba kidogo chenye dirisha la kioo, akamvisha spika za masikioni na kumpa kitufe abonyeze kila anaposikia mlio. Sikio alitazama kutoka nje. Kila mlio ulipopigwa, taa ndogo iliwaka mezani kwa daktari. Mwanzoni baba alibonyeza. Milio ikapanda, ikawa myembamba zaidi. Taa ikawaka, ikazima, ikawaka tena, na baba ametulia tu, kidole juu ya kitufe, kama mtu anayesubiri basi lililokwisha kupita.

"Sauti zilizokwenda hazirudi," daktari alisema. "Kelele zimeziua. Zilizobaki tutazilinda. Kuvuma kule kulikuwa hodi. Ungekuja wakati ule, tungeokoa nyingi."

Mama alijifuta macho kwa upande wa kitenge. "Kwa nini mlinificha?"

Sikio alilia kwa sababu birika lilikuwa limelia kila asubuhi, na kila asubuhi yeye aliwahi kulinyamazisha.

Fundi alirudi kazini na vizuia kelele masikioni. Alipima waya za mlango wa kulia kwa mita, akaona mmoja umebanwa na kukatika, akauunga upya. Muziki aliuwasha kwa sauti ya kadiri. Mwalimu wa kwaya aliposikia watoto wake kulia na kushoto, alifumba macho. Fundi aliweka kiganja mlangoni, akihisi mdundo tu.

"Niambie, mwanangu. Wanaimbaje?"

"Vizuri, baba. Ila kulia kumezidi kidogo."

Akapunguza. Kisha akamvuta kando.

"Nilikutwisha mzigo usio wako," alisema. "Nikakufanya uone uongo ni upendo. Mtu ukimpenda humfichii ugonjwa, unampeleka akatibiwe. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakukosea. Twita za watu nimeziwekea bawabu zote, sikusahau hata moja. Masikio yangu mwenyewe nikayaacha wazi. Wewe usifanye hivyo. Na mtu akikuambia ufiche jambo linalomuumiza, hata akiwa baba yako, sema."

"Nitasema, baba."

Asubuhi iliyofuata birika likalia. Sikio alitoka chumbani, lakini hakukimbia. Alisimama mbele ya baba ili amwone midomo.

"Baba, birika linalia."

Mama aligeuka kutazama. Baba aliacha kamba za viatu, akautazama mvuke ukichomoka mdomoni mwa birika, akainamisha kichwa kama anayetafuta kitu alichokuwa nacho zamani.

"Asante, mwanangu," alisema, akaliepua mwenyewe.