Agizo Ambalo Hakulitoa

Mama Njiti alikuwa peke yake mnarani, akimenya chungwa. Ilikuwa saa nne asubuhi, na mawingu yalikuwa yamelalia uwanja mdogo wa ndege kama blanketi bichi. Hakuwa amesema neno kwa dakika tano. Ndipo redio ikakoroma, na sauti ya mumewe ikatoka.

"Nashuka hadi futi elfu mbili. Nimekusikia."

Alitazama kipaza sauti. Kilikuwa mezani, kimezimwa.

Kazi yao ina kanuni moja ambayo hata mtoto angeielewa: anachosema mwongozaji wa mnarani, rubani hukirudia, ili kosa lisipate pa kujificha. Mumewe alikuwa amerudia agizo kama ipasavyo. Ila agizo lenyewe halikuwa limetolewa na mtu.

"Panda," alimwambia. "Sijakwambia ushuke."

"Napanda," akajibu, kama mtu aliyeombwa asogeze kiti.

Baba Njiti aliendesha ndege ndogo ya injini moja, akipeleka chanjo zahanati za ng'ambo ya mlima. Binti yao walimwita Njiti kwa kuwa alizaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Sasa alikuwa na miaka sita, na kila jioni alimngoja baba yake mlangoni ili abebwe mabegani.

Mchana ule, katika banda la ndege, fundi alifungua redio, akaipuliza vumbi, akaifunga.

"Nzima," alisema. "Shemeji, ukianza kumwamrisha mumeo hadi mawinguni, maskini atapumzikia wapi?"

Mama Njiti hakucheka. "Ulisikia nini hasa?" akamuuliza mumewe kwa sauti ya chini.

"Sauti yako. Na mle ndani kulinuka nywele zilizoungua."

"Na hukuogopa?"

Alifikiri. "Hapana. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa."

Wiki iliyofuata mawingu yalirudi. Safari hiyo sauti ilimwambia akate kushoto, naye akakata, na mnarani hapakusikika lolote mpaka alipotua. Fundi aliinama penye magurudumu, akachomoa majani mabichi yaliyokwama. Aliyageuza kiganjani kwa muda mrefu.

"Shemeji," alisema, "mti huu hauoti huku chini. Unaota mlimani."

Hakutania tena.

Walimwita shangazi yake Baba Njiti, mshonaji wa nguo ambaye wachache walimjua pia kwa kutoa majini. Alipanda ngazi za mnara, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, akatega sikio kwenye spika mpaka chai waliyompa ikapoa.

"Wa mawinguni huyu," alinong'ona. "Hana sauti. Huazima ya mtu anayeaminiwa, na anayemsikiliza humtia ganzi, hofu isije ikamwamsha."

"Tufanye nini, shangazi?"

"Mnyimeni cha kuazima. Mume akiwa ndani ya wingu, wewe funga mdomo. Na wewe, mwanangu, ukisikia sauti ya mkeo humo, jua si yeye. Ikisema kulia, nenda kushoto. Akipuuzwa safari moja nzima, ataondoka."

Wakakubaliana. Hakuna aliyekumbuka jambo moja dogo.

Kulikuwa na mitambo miwili ya mawimbi ya redio ya kuwaongoza marubani, mmoja kando ya uwanja, mwingine nyuma ya mlima, na kila mmoja ulikuwa na mlio wake. Mshale ndani ya ndege huelekea mtambo wowote uliochaguliwa, wala hauwezi kusema kama ndio uliokusudiwa. Kwa miaka tisa, kabla mumewe hajaanza kushuka, Mama Njiti alimkumbusha: "Sikiliza mlio." Kwa miaka tisa alikumbushwa, akaacha kujikumbusha mwenyewe.

Siku ya kimya ilifika. "Mshale umenyooka," alisema Baba Njiti kutoka ndani ya wingu. "Nashuka."

Mama Njiti alifungua dirisha asikie injini. Haikuwa upande wa kulia, ilikotakiwa kuwa. Ilikuwa kushoto, ikinguruma ndani ya weupe ule mzito, ikielekea mlimani, na alipojua kuwa mumewe anaufuata mtambo wa ng'ambo, kwamba mlio haukusikilizwa kwa sababu yeye ndiye husema usikilizwe, vidole vyake vilishabonyeza kitufe, na mdomo ulioahidi kunyamaza ulikuwa ukisema, "Panda, Baba Njiti, panda, ni mimi mkeo, mlima uko mbele yako," na kutoka kwenye spika ikaja sauti tulivu ya mumewe, "Nimekusikia," na mngurumo, badala ya kupanda, ukazama zaidi, kwa kuwa mume mtiifu alikuwa akifanya kinyume, kama alivyofundwa.

Alishusha pumzi. Mikono yake haikuwa na hisia tena. Akasema polepole, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale:

"Shuka, mume wangu. Shuka zaidi."

Injini ikapiga kelele. Mngurumo ukapanda, ukapita juu ya mlima, ukatoka kwenye anga safi. Huko juu Baba Njiti alisikiliza mlio mwenyewe, akachagua mtambo wa uwanjani, akatua.

Shangazi alipanda tena mnarani, akatega sikio kwenye spika. "Ameondoka," alisema. "Humu hamna kitu."

Mama Njiti alimngoja mumewe chini ya ngazi. "Ilikuwa mimi," alimwambia. "Ya kupanda na ya kushuka. Zote mbili mimi."

Baba Njiti aliutazama mdomo wake, si macho.

"Naye angesema hivyo hivyo," alijibu.

Hakuna ugomvi nyumbani mwao. Baba Njiti akikaribishwa chakula, husukuma sahani. Akiambiwa alale, huvaa viatu. Hakasiriki, hufikiri kidogo, kisha hufanya kinyume. Mama Njiti amezoea. Humwambia asile, naye hula. Humwambia asirudi mapema, naye hurudi jua lingali juu.

Jana aliporudi alipita mlangoni bila kusimama, akaketi. Njiti alimtazama kitambo, kisha akaja jikoni, akavuta kanga ya mama yake.

"Mama," alinong'ona, "mwambie baba asinibebe."