Pontiac ya Thani

Alhamisi ile Harub aliamka kama Alhamisi zote. Aliswali, akanywa chai ya maziwa, akachukua ndoo na kitambaa, akaenda bandani kuosha gari la marehemu ndugu yake.

Mimi ni jirani yao hapa Ghubra, Oman, nyumba ya nne kutoka kwao, na haya alinisimulia Harub mwenyewe kwa kinywa chake. Kwa hiyo asije mtu akaniambia nimeyaokota barazani.

Gari lenyewe lilikuwa Pontiac ya Kimarekani ya mwaka sabini, milango miwili, injini ya silinda nane, rangi ya chungwa bivu. Kakake Harub, Thani, alilinunua mwaka sabini na saba kwa mhandisi wa Kimarekani aliyekuwa anarudi kwao, ambaye alilitembeza kwa nadra. Aliliendesha wiki tatu tu. Siku moja ya mwezi wa saba alirudi kazini, akala, akajinyoosha kwa usingizi wa mchana, na hakuamka. Alikuwa na miaka ishirini na sita, hajapata kuugua hata jino. Kwa joto lile hakuna aliyetaka kuchelewesha, na kabla ya Magharibi alikuwa ameshazikwa.

Yangekwisha hapo. Lakini hata arubaini haijafika, alikuja mchunga mbuzi kutoka milimani, akaapa kwamba amemwona Thani akipanda bonde, miguu mitupu, hasemi, hamtazami mtu. Watu wa huku hawahitaji maelezo zaidi. Mtu wa namna hiyo wanamwita mghaibu: wachawi wamemchukua akiwa hai, jamaa zake wakaachiwa kitu cha kuzika, nao wakakizika wakidhani ni mtu wao. Mwalimu mmoja mzee alimwambia mama yao, Bi Shaikha, na Harub akasikia kwa nyuma ya mlango: "Mghaibu harudii watu. Watu washafutwa moyoni mwake. Hurudia kitu alichokipenda. Kitunzeni, kisitoke mikononi mwenu."

Gari likatunzwa, na mtunzaji akawa Harub. Kwa miaka ishirini na moja, kila Alhamisi aliliosha, akaliwasha, akasikiliza injini ikinguruma robo saa, akalizima. Kuliendesha hakuruhusiwa, hata hatua moja. Na kila siku saa saba mchana, jua likiwa utosini, Bi Shaikha aliingia bandani na gilasi la maji na tende tatu, akafunga mlango, akatoka baada ya nusu saa. Harub alidhani anasoma Yasini. Ni huzuni ya mama, alijiambia, na huzuni ya mama haihojiwi.

Lakini moyo wa Harub ulikuwa umeshaingia uchungu zamani. Mkewe, Masouda, aliomba banda lile livunjwe wajengewe vyumba viwili. Bi Shaikha akauliza, "Na Thani akirudi atafikia wapi?" Masouda alivumilia miaka sita, akachoka, akadai talaka yake. Harub akabaki na mama na gari. Hata akirudi kazini na homa, mama alimuuliza kwanza kama banda limefungwa, ndipo amuulize kama amekula. Mtu unaweza kumwonea wivu ndugu aliye hai na watu wakakuelewa. Kumwonea wivu maiti ni aibu, ukiwa nao unaumeza.

Na kulikuwa na jambo jingine alilolimeza. Siku ya maziko ni yeye aliyeshuka kaburini kumpokea ndugu yake. Thani alikuwa pande la mtu, lakini alichopokea Harub kilikuwa chepesi kama mkeka. Hakukifunua uso. Alikilaza, akapanda juu, akanyamaza.

Mwezi wa kumi wa mwaka tisini na nane, Bi Shaikha alikwenda Umra kwa basi pamoja na wanawake wa mtaani, safari ya siku kumi na mbili. Kabla hajapanda alimshika mwanawe mkono.

"Maji saa saba, Harub. Weka kwenye kiti cha pili, ufunge mlango, usichungulie."

"Inshallah, mama."

Hakuyaweka hata siku moja. Siku ya tatu alimpigia simu Aws.

Aws alikuwa kijana wa kitajiri mwenye kukusanya magari ya zamani, ghala lake liko Rusayl, na gari lile alikuwa amelitamani tangu aliposikia mngurumo wake akipita njiani. Ndiye aliyekuja Alhamisi ile, asubuhi, pamoja na fundi wake wa Wadi Kabir, Bakhit, ambaye wazee wake walirudi Oman kutoka Kigoma na Kiswahili chake bado ni cha huko.

Aws alichungulia mita. Maili elfu moja mia tisa na kumi na saba. Akatabasamu kama mtu aliyeona mwezi wa Idi.

Bakhit hakutabasamu. Fundi aliyekomaa haamini mita, kwa sababu mita hurudishwa nyuma na yeyote mwenye bisibisi. Yeye hutazama vitu visivyojua kudanganya: mpira wa pedali, kiti cha dereva, usukani. Alipiga magoti, akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akakaa humo muda mrefu.

"Bosi, njoo," alimwita Harub. "Hili gari limetumika sana."

"Halijatoka hapa tangu sabini na saba. Wallahi."

"Angalia mwenyewe."

Mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika hadi chuma kinaonekana. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea, na usukani umeng'aa mahali pawili, pale panaposhikwa na mikono. Harub alikuwa akifuta vumbi la gari lile kila wiki na hakuwahi kuviona, maana kitu cha mtu usiyemtaka hukitazami, unakipangusa tu.

"Basi mita imechezewa," alisema Aws, na uso ukamshuka.

Bakhit alifungua dashibodi. Rangi ya kiwandani kwenye skrubu ilikuwa haijaguswa. Akatazama matairi, vile vinywele vya mpira vya kiwandani bado vilikuwa vimesimama ubavuni. Mita ilikuwa inasema kweli. Aws akachangamka tena, akatoka nje kuliita lori la kubebea magari.

Hapo Bakhit alimsogelea Harub, akanong'ona.

"Kaka, gari halijatembea. Ila kuna mtu anakaa humu. Anakaa kila siku anakanyaga breki. Miaka mingi."

"Mama yangu hukaa humu."

"Mama yako ni mrefu?"

Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma hadi mwisho wa reli yake. Bi Shaikha alikuwa hamfiki Harub kifuani.

Wakati huo ndipo Harub alipojua. Alikiri hivyo kwangu, bila kujitetea. Aliukumbuka ule wepesi wa kaburini, akalikumbuka gilasi la maji lililorudi tupu kila siku, akajua. Neno moja tu lingetosha: gari haliuzwi. Kinywa chake kilifunguka kulisema. Kisha akaikumbuka sauti ya mama, umelifunga banda, umelifunga banda.

"Asiyekuwepo na lake halipo," alisema, akampa Aws ufunguo.

Gari liliondoka saa tano. Harub akafagia banda, akaoga, akala, akalala. Alikuwa likizo, na kwa mara ya kwanza nyumba ile ilikuwa yake peke yake.

Saa saba mlango wa chuma wa banda ulilia.

Mtaa mzima ulikuwa umelala. Viyoyozi vilikuwa vikivuma nyumba hadi nyumba. Harub alichungulia dirishani. Mlango wa banda ulikuwa wazi na jua limejaa uani. Hakuona mtu. Alisikia miguu mitupu ikienda juu ya saruji, ikafika pale gari lilipokuwa, ikasimama. Ilisimama nusu saa nzima.

Ijumaa, watu waliporudi msikitini na kulala, ile miguu ilitoka bandani. Ikazunguka uani, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Jumamosi ilifika jikoni. Harub alisikia vyombo vikiguswa kimoja kimoja. Alijifunika shuka kichwani, mtu wa miaka thelathini na saba.

Jumapili iliingia ukumbini.

Ikapita chumba cha mama. Ikaja. Ikasimama. Kitasa kilishuka polepole, kikakwama kwenye kufuli. Harufu ya mbuzi ikapenya chini ya mlango.

"Harub."

Sauti ilikuwa kavu. Ya mtu aliyesahau kusema.

"Ufunguo."

Harub alisubiri, akitumaini kwamba amesikia vibaya. Kitasa kilishuka tena.

"Sinao," alinong'ona.

"Nani anao?"

Harub alirudi nyuma hadi ukutani. Kule nje hapakuwa na pumzi wala mguno. Kisha miguu iligeuka, ikaondoka hatua mbili, ikasita, ikaondoka upande mwingine, ikasita. Harub aliponiambia habari hii, hapo ndipo alipolia. Alisema hofu angeiweza. Kilichomvunja ni kule kusita, kusikia mtu ndani ya nyumba yao wenyewe asijue mlango uko wapi.

Alipofungua saa kumi, ukumbi ulikuwa na vumbi jekundu la milimani. Siku zilizofuata alilala kwangu.

Bi Shaikha alirudi Jumatano iliyofuata, na chupa ya zamzam mkononi. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja bandani, akasimama mbele ya sakafu tupu, na Harub akasimama nyuma yake.

"Umeliuza."

"Thani amekufa, mama. Mimi nimemzika kwa mikono yangu."

"Ulizika nini?" Aliuliza bila kupandisha sauti. "Alikuwa mzito au mwepesi?"

Miaka ishirini na moja swali lile lilikuwa likimngoja, na alipoulizwa hakuwa na uongo wa kulijibia.

"Kumbe ukijua," alisema mama.

"Nilikuwa mtoto, mama."

"Na ulipoliuza pia ulikuwa mtoto?" Aliketi chini, palepale. "Kila siku adhuhuri alikuja kukaa kwenye gari lake. Nnampa maji, anakunywa. Hanitazami, anatazama mbele tu. Mwalimu aliniambia siku akinitazama, basi, amerudi. Nimengoja miaka yote hii, Harub. Mwaka huu alishaanza kugeuza shingo."

Siku ile ile Harub alimpeleka Rusayl. Aws hakuwa mtu mbaya; alipomwona mama yule mzee, alisema yuko tayari kulirudisha. Bakhit akafungua ghala. Gari lilikuwa linang'aa. Kiti kilikuwa kimeshonwa upya, usukani umevishwa ngozi, pedali zote zimetiwa mipira mipya. Kiti kimesogezwa mbele. Fundi alikuwa amefanya kazi yake vizuri sana.

Bi Shaikha aliingiza mkono, akapapasa kiti, akautoa.

"Hili si lake tena," alisema. "Kaa nalo, mwanangu."

Wakiwa wanatoka, Bakhit aliwakimbilia na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Ulikuwa ule mpira wa breki uliolika. Alisema alishindwa kuutupa, na kwamba tangu autoe hakulala vizuri.

Mama aliuweka chini bandani, mahali ilipokuwa pedali, akaweka gilasi la maji kando yake. Kila adhuhuri alikwenda kuketi hapo, hadi alipokufa mwaka elfu mbili na nne. Kama maji yalinywewa, hakusema. Mama hakumtukana Harub wala kumfukuza. Alimwuliza, kila siku akirudi kazini, "Umekula, mwanangu?" Alimwuliza hilo kwanza, na hakumwuliza jingine. Aliuliza kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni. Harub alikuwa ameipata ile nafasi aliyoitaka maisha yake yote, na alikaa ndani yake miaka sita bila hata siku moja kuonja utamu wake.

Mama alipozikwa, Harub akashika zamu ya maji. Huyaweka akiwa amegeuza mgongo, akatoka bila kutazama nyuma. Nilimwuliza kwa nini, kwani si ndugu yake? Akasema, "Mama alikuwa akingoja atazamwe. Mimi ndiye niliyemuuza. Nitazamwe kwa lipi?"

Mwaka elfu mbili na sita aliniita nikaone. Tuliingia asubuhi, mapema, kabla jua halijapanda. Ule mpira hakuna pedali ya kuushika wala kitu cha kuugonga, umelazwa tu juu ya saruji, lakini ulikuwa umelika mpaka umekuwa mwembamba kama jani, na katikati una tundu. Harub aliuinua. Chini yake saruji nayo ilikuwa imebonyea. Nilipitisha kidole, kikaingia kwenye umbo la unyayo wa kulia wa mtu mrefu, mtupu, vidole vitano vimekamilika.

"Mwaka jana vidole vilielekea barabarani," alisema Harub, "kama gari lilivyokuwa limeegeshwa."

Nilitazama vinakoelekea sasa. Vilikuwa vimegeuka, vinaelekea ndani ya nyumba, kwenye dirisha la chumba anacholala Harub.