Mchumba wa Upande Ulioishiwa

"Tusifunge ndoa."

Fundi Pazia alikuwa juu ya ngazi, pini mdomoni, simu kaibana kati ya sikio na bega. Akazitema pini kiganjani.

"Unasemaje?"

"Tusifunge ndoa. Si mwezi huu, si mwezi ujao. Tafuta anayekufaa."

"Barafu, umelewa?"

"Asubuhi yote hii?"

"Basi sema vizuri. Nimekukosea nini?"

Kwa mbali akasikia mlango wa chuma ukivutwa, kisha simu ikakatika. Alipopiga tena haikupokelewa. Ikaingia meseji:

"Usinifuate huku. Nakutakia maisha mema."

Akashuka ngazi polepole. Chini, shangazi yake alikuwa anakunja pazia la sebuleni la mteja. Shangazi huyu hata ikiingia meseji ya kampuni ya simu hutaka asomewe. Siku hiyo hakuuliza kitu.

"Ni Barafu," Fundi akasema. "Ameniacha."

"Mungu ana makusudi yake, mwanangu. Mwanamume asiye na kazi ni mzigo wa kuni mbichi. Utaubeba, na moto usiupate."

Fundi akamtazama. Jibu lilikuwa limeiva mno, kama lililopikwa tangu jana. Lakini machozi yalikuwa karibu, hakulifuatilia.

Miji yao ilikuwa miwili iliyoshikana kama vidole, katikati geti la mpaka. Zamani pesa zilikaa upande wa Barafu. Watu wa huku walivuka kila Jumamosi na mifuko mitupu, wakirudi imejaa. Ndivyo walivyokutana: Fundi kaenda kununua vitambaa, akakuta miguu ya mtu imetokeza nyuma ya friji ya dukani. "Nipe bisibisi hiyo, dada," miguu ikasema. Akaipa. Tangu hapo Fundi akamwita fundi friji huyo, mpole asiyechemka hata akichokozwa, Barafu.

Mama yake Barafu hakufurahi. Alisema mbele za watu: "Wasichana wa kule hawaji kuolewa. Wanakuja kuhamia."

Kisha mambo yakapinduka. Sarafu ya kule ikaporomoka, maduka yakafungwa moja baada ya jingine, na duka lililofungwa halina friji ya kutengeneza. Huku vikaota viwanda na maghorofa, na kila dirisha jipya likataka pazia. Foleni ya getini ikageuza uso. Hata hivyo neema ya huku nayo ilikuwa na meno, maana kodi ilipanda hata kwa wale ambao kipato chao kilikaa palepale.

Mwenye jengo lenye duka la Fundi hakuwa akipandisha kodi tu. Wiki chache nyuma alimwandikia:

"Fundi, hata dirisha la mtu mpweke linahitaji pazia."

Naye akamjibu:

"Mpe shangazi vipimo."

Kesho yake asubuhi Fundi akavuka. Kuelekea kule hakukuwa na mtu. Afisa alimgongea muhuri huku akipiga miayo. Mtaa aliouzoea, wa kelele na makuli, ulikuwa umefunga milango, karatasi za "Inapangishwa" zikipepea.

Mama yake Barafu alikuwa barazani, anaosha vikombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilijua utakuja. Ningekuwa mimi, ningekuja jana."

"Yuko wapi?"

"Uani, na friji yangu. Haina ugonjwa wowote. Anaifungua na kuifunga tu, apate cha kushika. Keti kwanza, nina langu."

Fundi akaketi.

"Nilikusema vibaya zamani."

"Mama, hayo yameisha."

"Yataishaje na mimi sijayatoa? Mji ulipokuwa na pesa, mimi nilikuwa na ulimi. Nikasema hamji kuolewa, mnakuja kuhamia. Leo nusu ya mtaa huu imehamia kwenu. Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, mama. Kwa moyo mmoja."

"Haya, nenda uani. Usimbembeleze. Msute."

Barafu alikuwa amechuchumaa, vipuri vimemzunguka kwenye gunia. Alikuwa amekonda. Hakuinua kichwa.

"Nilikwambia usinifuate."

"Sijakufuata. Nimekuja kumsalimia mama, wewe nimekukuta tu."

Hakucheka.

"Shangazi yako alinipigia," akasema hatimaye.

"Shangazi? Lini?"

"Juzi. Akasema yupo mwenye jengo, anakutaka, ana uwezo. Kama nakupenda kweli, nikupishe."

"Na wewe ukapisha. Kama uko kwenye foleni."

"Sikupisha. Nilimwambia nitakuuliza mwenyewe. Ndipo akaniambia ulichosema dukani, mbele za wateja."

"Nilisema nini?"

"Kwamba mume unaye, ila kwa sasa utamlisha wewe, mpaka kwao kukuche."

Hasira aliyovuka nayo getini ikamwisha. Aliikumbuka siku hiyo. Duka limejaa, mteja mmoja kamuuliza mchumba anafanya kazi gani siku hizi, naye akatupa neno ili watu wacheke. Na kweli walicheka. Shangazi hakutunga.

"Nilisema," akakiri. "Ulikuwa utani."

"Najua. Ungekuwa ugomvi ningekujibu, tukayamaliza. Utani nitaujibu nini? Nikawaza, nikienda kule, kila kikombe cha chai nitakachokunywa kitakuwa na kicheko cha watu ndani yake."

Fundi akachuchumaa naye, gauni likigusa mafuta ya mashine.

"Nisamehe. Kupata kidogo tu kumenilegeza mdomo. Sikupaswa kukufanya kichekesho cha dukani. Lakini na wewe una kosa."

"Lipi?"

"Umeniamulia. Umekaa hapa na bisibisi, ukaamua nani ananifaa, ukanitumia meseji kama kampuni inayomfungia mteja akaunti. 'Nakutakia maisha mema!' Kwani mimi nimestaafu kazi?"

Barafu akajaribu kujizuia. Mabega yakamsaliti. Akacheka, na kicheko kikamtoa machozi, akayafuta kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa vyeusi.

"Kule kuna kazi?" akauliza.

"Watu wamehamia maghorofani na friji zilizotikiswa njia nzima. Ukimpigia fundi leo, anakuja wiki ijayo. Hutalishwa, Barafu. Utatafutwa mpaka uzime simu."

"Na mwenye jengo?"

"Anasubiri kupimwa na shangazi."

Fundi alirudi mchana ule ule. Shangazi alipomwona mlangoni akajua. Akaweka mkasi mezani.

"Kwa nini, shangazi?"

"Kodi." Sauti ilikuwa ndogo. "Mwenye jengo aliniambia ukimkubali hatapandisha. Ukimkataa, tutoke. Nimezeekea kwenye cherehani hii, mwanangu. Niliogopa."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Kisha mimi na wewe tungetafuta chumba kingine. Ulinipeleka sokoni, shangazi, na mimi sijui."

Shangazi akafuta meza isiyo na vumbi.

"Sasa nifanyeje?"

"Mpigie Barafu. Kwa simu ile ile uliyompigia."

Shangazi akavaa miwani, akabonyeza.

"Haloo... mkwe? Ni mimi, shangazi mtu. Nilikutia maneno, baba, na maneno yenyewe niliyapeleka kwa nia mbaya. Nisamehe... Ahsante. Mungu akuzidishie." Akamtazama Fundi kwa pembeni, akainamia simu. "Na sikiliza, mkwe. Friji yetu ya nyumbani haigandishi."

Fundi akageukia ukutani asionekane akicheka.

Walihama kabla mwezi haujaisha. Chumba kipya kilikuwa uchochoroni, mbali na maghorofa, na baadhi ya wateja hawakujisumbua kukifuata. Kulikuwa na majuma ya wasiwasi, cherehani zimekaa kimya mpaka jioni. Lakini chumba kilikuwa na nafasi ya fundi wa pili, na kodi yake ililipika.

Siku moja kabla ya ndoa, Fundi alisimama upande wa huku wa geti. Foleni ya kuingia ilikuwa ndefu, watu wamebeba magodoro, masufuria, watoto. Akamwona Barafu na mfuko wa vifaa begani. Mbele yake alikuwa mama yake, kavaa nguo yake nzuri kuliko zote, kichwa juu, kama mtu aliyeapa kutoinama mbele ya geti hilo.

Afisa alikuwa amechoka.

"Mama, unaingia kufanya nini?"

"Naleta mali."

"Mali gani?"

"Bwana harusi." Akamsogeza mwanawe mbele. "Huyu hapa. Anatozwaje ushuru?"

Foleni nzima ikacheka. Fundi akaharakisha kuutazama uso wa Barafu, kwa kuwa kicheko cha watu ndicho kilichotaka kuwatenganisha. Barafu alikuwa anacheka kuliko wote.

Afisa akagonga muhuri.

"Huyu hatozwi, mama. Ila akishaingia, hatupokei marejesho."

"Hata mimi sitaki kurudishiwa," mama akasema, akavuka.