Kiti cha Nne

Kabla ya kwenda shule, Firdausi alimwagilia mchicha wa bibi yake. Alibeba ndoo mbili, moja kila mkono, kutoka bombani hadi bustanini, na hakutaka kusaidiwa. Ndoo zile ndizo zilizokuwa mazoezi yake. Mikono ilipowaka moto, aliimba wimbo wa mashua yao:

*Vuta, Kisarawe, vuta!*
*Maji yatupishe njia!*

“Leo ndiyo leo, bibi,” alisema akifunga viatu. “Mwalimu anachagua mtu wa mwisho.”

“Mwache achague,” Bi Mwanaamina alijibu huku akichambua mboga. “Mimi nimeshawatangazia majirani wote kwamba Jumamosi nakwenda bwawani kumtazama mjukuu wangu. Usije ukanitia aibu!”

Shule yao ya Kisarawe ilikuwa inajiandaa kushindana kupiga makasia na shule moja ya Kibaha. Mashua ilikuwa na viti vinne. Vitatu vilikwishapata wenyewe, mmoja wao akiwa Zawadi, binamu yake Firdausi. Kiti cha nne kiligombewa na wasichana wawili: Firdausi, na Bertha, aliyehamia kutoka Magindu, kwa wafugaji, baada ya mama yake, muuguzi, kubadilishiwa kituo cha kazi.

“Huyo kazoea kunywesha ng’ombe,” Zawadi alicheka walipofika bwawani. “Kasia atalijulia wapi?”

Bertha alikuwa akijizungushia vitambaa viganjani. Hakukasirika. “Ng’ombe akigoma kutoka majini, unamvuta kwa kamba mpaka atoke,” alisema. “Mikono yangu imesomea huko.”

Mwalimu Didas alipiga filimbi. Mashua mbili, nyekundu na ya buluu, zilikuwa zimesogezwa ukingoni, na watoto wanane, wa timu na wa akiba, walikuwa wamevaa maboya.

“Wapo wanaoniambia nichague mrefu, wapo wanaoniambia nichague mwenye misuli,” alisema. “Mimi nitaziuliza mashua. Mtashindana mara moja. Kisha Bertha na Firdausi watabadilishana viti, wengine wote mbaki palepale, na mtashindana tena. Atakayehama ni mmoja tu kila upande, kwa hiyo tofauti tutakayoiona ni ya hao wawili.”

Mara ya kwanza Bertha alikaa katika mashua nyekundu, pamoja na Zawadi. Firdausi alikuwa kwenye ya buluu. Zilifika sawasawa. Wakabadilishana. Safari hii Firdausi alikaa nyuma ya Zawadi, na mashua nyekundu ikachomoka kama imesukumwa na injini, ikaiacha ya buluu mbali.

“Kiti ni cha Firdausi,” mwalimu alitangaza.

Bertha alishuka akihema. Alivifungua vile vitambaa, akampa mwenzake. “Hongera. Malengelenge yameshaanza kukutoka. Jumamosi utavihitaji.”

Njiani kurudi nyumbani Firdausi alikuwa hagusi chini kwa furaha. Zawadi akamgonga bega.

“Si unishukuru, binamu? Ulipokuwa hujaingia mashua yetu, mimi nilikuwa nachovya tu kasia. Ulipoingia, ndipo nikavuta.”

Firdausi alisimama. “Umefanya nini?”

“Nimekusaidia! Au ulitaka yule mgeni akupite?”

Usiku ule Bi Mwanaamina alipasi khanga yake mpya ya Jumamosi huku akiimba. Firdausi alivitazama vitambaa vya Bertha mapajani mwake, akaisukuma sahani pembeni. Kiti alikitaka, tena alikitaka sana. Lakini alitaka kujua kwamba amekipata yeye, si kwamba amepewa na binamu.

Asubuhi alimfuata Zawadi kwao. “Twende kwa mwalimu.”

“Una wazimu? Utakikosa!”

“Kama ni changu, nitakipata tena. Kama si changu, nikae humo nifanye nini?”

Zawadi alinuna, lakini alikwenda.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mpiga kasia wangu.”

Neno hilo lilimchoma Firdausi. Alimsukuma Zawadi mbele, naye akaeleza yote, macho yakiwa sakafuni.

“Zawadi, utaosha mashua zote mbili mpaka Jumamosi,” Mwalimu Didas alisema. “Na kosa jingine ni langu. Niliwaambia nyote nampima nani. Leo hamtajua.”

Jioni hiyo aliwahamisha watoto wote, huyu huku, yule kule, raundi baada ya raundi, wala hakusema nani anapimwa. Hapakuwa na mtu wa kupendelewa wala wa kuhujumiwa. Kila mmoja, Zawadi akiwemo, alivuta kama anakiokoa kiti chake mwenyewe. Mwisho ilionekana wazi: kila mashua aliyokaa Bertha ilitangulia, japo kwa pua tu.

Firdausi alienda nyuma ya mti, akalia kidogo. Kisha alirudi, akavifungua vitambaa viganjani.

“Chukua, Bertha,” alisema. “Jumamosi utavihitaji.”

Jumamosi ilipofika, Firdausi alikuwa ukingoni, mchezaji wa akiba, akipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kibaha walivuta, Kisarawe wakavuta zaidi, na mashua nyekundu ikagusa mstari mbele kwa urefu wa kasia.

“Wewe mbona uko nchi kavu?” Bi Mwanaamina alimuuliza, khanga mpya ikimeremeta.

Mwalimu Didas ndiye aliyemweleza bibi habari yote, kisha akawageukia wanafunzi waliokuwa wakirukaruka.

“Mashua haijui undugu wala urafiki,” alisema. “Inajua mkono unaovuta. Tumeshinda leo kwa sababu waliokaa ndani wamechaguliwa kwa haki, na haki hiyo tumepewa na mtu aliyekubali kukosa kiti kuliko kukipata kwa hila. Mnapochagua mtu wa kazi yoyote, mkumbukeni.”

Bi Mwanaamina aliinua mkono wa mjukuu wake juu, akawageukia majirani.

“Mnamwona mjukuu wangu?” aliita kwa sauti. “Ni huyu hapa, aliye nchi kavu!”

Akapiga kigelegele, bwawa zima likaitikia.