Mchoro Namba 4118

Saa nne asubuhi mtaa wa vipuri ulikuwa na kelele za kumtoa maiti kaburini na kumfanya aulize bei. Mabati yaligongwa upande huu, redio tatu zilishindana upande ule, na ndani ya duka la vipuri vya cherehani mwanamke mmoja alikuwa amemkazia macho mwenye duka kama anayemdai majibu ya mtihani. Alivaa gauni la bluu lililomkaa utadhani alizaliwa nalo, na kilemba cha njano. Mtaani kwake walimwita Bi Sindano, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya ulimi wake.

"Hakuna," alisema mwenye duka.

"Umetafuta?"

"Mama, hicho chuma kiliacha kutengenezwa mimi nikiwa tumboni."

Chuma chenyewe kilikuwa kwenye kiganja cha Bi Sindano: kidogo, bapa, kama nusu ya biskuti, chenye nundu tatu pembeni. Ndicho kilichoiongoza sindano katika mashine yake ya kutoboa matundu ya vifungo, na kilikuwa kimelika. Bi Sindano alishona mashati ya askari wa kambi, yeye na mafundi wake watatu, na kila shati lilikuwa na matundu manane. Bila nusu biskuti ile, mashati yalilundikana kiwandani bila njia ya kufungika.

"Samahani, bibie," ilisema sauti nyuma yake. "Naweza kukishika?"

Aligeuka. Mzee mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikaweza kukata mkate, penseli mbili mfukoni.

"Kushika nini?"

"Hicho chuma."

"Basi anza na chuma, baba, ndipo ufike kwenye kushika. Watu wanatusikia."

Duka zima likacheka. Mzee naye akacheka, masikio yakamwiva. Alitoa kipimo cha chuma mfukoni, kama wengine wanavyotoa leso, akabana, akasoma, akabana tena.

"Milimita thelathini na moja nukta nne. Kimelika upande mmoja tu. Kinaweza kutengenezwa upya."

"Na nani?"

"Kwanza kichorwe."

"Na nani?"

"Mbona unauliza kama hunioni?"

Alikuwa mhandisi mstaafu. Miaka thelathini na sita alichora vitu katika karakana ya jeshi, vitu ambavyo hata marehemu mkewe hakuruhusiwa kujua vinafanana na nini. Sasa hakuwa na cha kuchora. Alikuja mtaa wa vipuri kutazama vyuma, kama wazee wenzake wanavyokwenda kutazama mpira.

Kipimo cha dakika kumi kilimchukua siku tatu. Kila asubuhi alifika kiwandani kwa Bi Sindano na rula, akaketi kwenye kiti cha karibu na dirisha, akapima, akanywa chai, akasahau alichopima. Mafundi walibanana mbavu kwa viwiko.

"Bwana Milimita," Bi Sindano alimwambia siku ya tatu, "hicho chuma kinakua? Mbona kila siku unakipima?"

"Nahakikisha."

"Unahakikisha chuma, au unahakikisha aliyekishika?"

"Vyote viwili vinahitaji uangalifu."

Jioni simu ikaanza.

"Umefika nyumbani?" aliuliza Mhandisi.

"Nimefika."

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula."

"Basi sina swali lingine."

"Basi kata simu."

"Kata wewe."

Wakakaa hivyo, kila mmoja akisikiliza mwenzake anavyopumua, mpaka maji ya chai ya Bi Sindano yakakauka jikoni na sufuria ikaungua. Wala hakuisikitikia.

Siku mchoro ulipokamilika, Bi Sindano alisimama nyuma ya bega la Mhandisi. Aliona mistari myembamba kama nywele na, kwenye kona ya chini, kisanduku. Ndani ya kisanduku Mhandisi aliandika namba: 4118.

"Ya nini hiyo?"

"Mchoro hauendi bila namba. Wa mwisho niliochora karakana ulikuwa 4117."

"Lakini umestaafu, mpenzi."

Neno lile lilimtoka kabla hajalikagua. Mhandisi aliweka penseli chini taratibu, kama mtu aliyebeba yai.

"Mkono wangu bado hawajauambia," alijibu. "Na katika yote elfu nne na ushee, huu ndio wa kwanza niliouchora nikitabasamu."

Kiwanda pekee kilichobaki duniani kinachoweza kutengeneza vyuma vya mashine zile kilikuwa mali ya serikali moja ya ng'ambo, na siku hizo serikali hiyo na ya kwao zilikuwa hata hazisalimiani. Mhandisi hakulifikiria hilo. Alipeleka mchoro, akaeleza vipimo, na baada ya wiki tano chuma kikafika na barua ya shukrani yenye muhuri wa serikali. Mashine ikanguruma, mafundi wakapiga vigelegele, na Bi Sindano akambusu Mhandisi shavuni mbele ya mashati mia nne.

Siku ya kumi na moja baada ya hapo, gazeti likaandika: mhandisi mstaafu wa jeshi anadaiwa kuipa serikali ya kigeni teknolojia ya kijeshi. Picha haikuwa nzuri. Hata mkunjo wa shati haukuonekana.

Bi Sindano alipiga simu papo hapo.

"Haloo?"

"Ni mimi. Nimesoma upuuzi huo. Niambie..."

"Umekosea namba, mama."

"Nini? Ni mimi!"

"Sikujui," ilisema sauti ileile iliyokuwa ikimuuliza kila jioni kama amekula. "Usipige tena."

Simu ikakatika.

Aliketi kwenye kile kiti cha karibu na dirisha, akainuka haraka kana kwamba kimemchoma. Eti hamjui yeye! Alijiuliza kama Mhandisi aliaibika kuonekana na fundi cherehani mbele ya wakubwa wake. Halafu likamjia lile baya zaidi: pengine siku zote tatu za kupima, mabusu na yale maswali ya chakula vilikuwa pazia tu, na kiwanda chake ndicho kilichokuwa mlango wa nyuma wa kupitishia siri. Alishona kola kumi na mbili kinyume siku ile. Mafundi wakazifumua kimyakimya wala hakuna aliyethubutu kukohoa.

Siku ya nne tangu simu ile aliingia mwanamke mnene, mkoba kifuani, akapita moja kwa moja hadi kwenye meza ya kukatia kitambaa.

"Wewe ndiye wifi?"

"Wifi wa nani?"

"Wangu. Mimi ni dada yake yule mjinga. Nimemlea mgongoni, nina haki ya kumwita hivyo."

"Kaka yako hanijui. Kanitamkia mwenyewe."

"Aa, kaa chini, wifi. Si mdogo wangu aliyesema, ni woga. Ulipopiga nilikuwa palepale. Simu iko mezani, imefunguliwa sauti, wapelelezi wawili wameketi kama wanangoja chai. Angekutaja, wangekuja hapa siku hiyohiyo."

"Waje! Nina nini cha kuficha?"

"Una mkataba wa kambi. Alininong'oneza kabla hawajamchukua: 'Dada, jina lake likiingia kwenye jalada hili, wanamnyang'anya mashati.' Tangu hapo wanamuuliza mchoro ni wa kitu gani na aliuchora kwa ajili ya nani. Anajibu kimoja tu: 'Ni chuma cha mashine.' Mashine ya nani, hasemi. Leo siku ya nne yuko ndani. Wakubwa wanasema asiyetaka kusema ana la kuficha."

Bi Sindano alichukua bisibisi. Kisha akafungua skrubu za mashine ya matundu kwa hasira, kama anayemvua mtoto viatu vyenye tope.

"Unafanya nini?" aliuliza wifi.

"Nishikie upande huo. Ni nzito."

Saa sita mchana walishuka kwenye teksi mbele ya ofisi ya upelelezi. Mlinzi aliona wanawake wawili wamebeba dude la chuma lenye sindano, akafungua mlango kwanza, akauliza baadaye, kwa kuwa Bi Sindano alikuwa amepaka wanja, amevaa gauni la zambarau la harusi za watu wakubwa, na alitembea kama mtu aliyechelewesha kikao kinachomngoja yeye.

Mpelelezi alikuwa mtu wa makamo, macho mekundu kwa kusoma majalada. Mashine ilitua mezani kwake, kalamu zote zikaruka.

"Mama, hii ni nini?"

"Ndiyo teknolojia mnayoitafuta. Nipe mchoro."

"Mchoro ni kielelezo, siwezi..."

"Basi ushike wewe, mwanangu, mimi nitazame tu."

Aliutoa. Bi Sindano akachomoa nusu biskuti kutoka tumbo la mashine, akailaza juu ya karatasi. Ilikaa kwenye mistari, nundu juu ya nundu, hata unywele usipite.

"Wataalamu wetu wanasema hiki ni kifyatulio cha bunduki," mpelelezi alisema, sauti ikipungua.

"Ndicho. Kinafyatua sindano."

"Na namba hii? Haipo katika daftari la karakana. Maana yake kuna mchoro ulifichwa."

"Maana yake daftari lilifungwa yeye akiwa bado anahesabu. Mtu ameandika namba kila siku miaka thelathini na sita, unadhani mkono unastaafu siku ya sherehe? Niliona akiiandika. Nilimwuliza. Chomeka waya huo ukutani."

Mpelelezi akachomeka. Bi Sindano alirudisha chuma, akaweka kipande cha kitambaa kizito cha kijani, akakanyaga. Mashine ilitoa mlio mfupi, na tundu la kifungo likatokea, nadhifu kama jicho la paka.

"Ndiyo siri yenu iliyovuja," alisema. "Na imerudi na askari wenu wameivaa. Kila mmoja kifuani mara nane."

Wifi alicheka mpaka akaegemea kabati la majalada. Mpelelezi alijizuia, akashindwa, akafuta macho. Kisha akakishika kile kitambaa cha kijani, na uso ukambadilika.

"Kumbe wewe ndiye unayeshona mashati ya kambi."

"Ndimi."

"Mama, nikuambie kama ningemwambia mama yangu. Ukiniandikia maelezo haya na kusaini, yule mzee leo analala kwake. Lakini nakala moja lazima iende kambini. Sheria yao unaijua: anayewauzia kitu akiguswa na jalada la aina hii, mkataba unavunjwa, awe na kosa au asiwe nalo. Hilo siwezi kukusaidia."

Bi Sindano alitazama kipande cha kijani. Alifikiri juu ya mafundi wake watatu, mmoja ana mtoto shule ya bweni, mwingine ndiyo kwanza amepangisha chumba. Miaka sita alipigania kazi ile. Aliwahi kushona na homa, aliwahi kushona siku ya mazishi ya mumewe.

"Watoto wa shule wanavaa mashati?" aliuliza.

"Wanavaa."

"Yana vifungo?"

"Yana."

"Basi leta karatasi."

Aliandika bila kusita, akafika mstari wa mwisho, akasimama. *Uhusiano wako na mtuhumiwa.* Mteja? Alikuwa mteja, ila hakuna mteja anayeunguza sufuria. Rafiki? Neno lilikuwa fupi mno. Akaandika: *mchumba wake.*

Mpelelezi alisoma, akainua nyusi. "Haya ni maelezo ya kiapo, mama. Hatujawahi kusikia habari hizo."

"Mlete, umuulize."

Walimleta. Shati lake lilikuwa limejaa makunyanzi, mara ya kwanza katika maisha yake pengine, na hakuwa na mkanda. Alipomwona alisimama mlangoni.

"Mama huyu simju..."

"Nyamaza, Bwana Milimita. Dada yako kashasema yote."

Alimtazama dada, akaitazama mashine, akaelewa. "Usisaini," alimsihi. "Tafadhali. Mkataba wako..."

"Mkataba ni wangu. Wewe jibu unaloulizwa."

Mpelelezi akakohoa. "Mzee, huyu mama ameandika kuwa yeye ni mchumba wako. Ni kweli au si kweli?"

Feni ilizunguka mara tano, sita.

"Si kweli," alisema Mhandisi.

Kilemba cha Bi Sindano hakikutikisika, lakini mkono wake ulitafuta ukingo wa meza na kuushika.

"Miaka thelathini na sita," aliendelea taratibu, "sijawahi kuandika kipimo ambacho sijapima. Siwezi kuanza leo. Naomba dakika moja, afande, iwe kweli."

Alivuka chumba, akishikilia suruali kwa mkono mmoja isimwanguke, mkono wa pili akauweka juu ya ule ulioshika meza.

"Nilisema sikujui. Ndio uongo pekee niliowahi kuutamka nikiwa na akili zangu, na umeninyima usingizi siku nne. Nakujua. Najua unavyokunywa chai ikiwa imeshapoa. Najua unavyoimba ukidhani mashine zinakufunika. Mengine sijayapima, na nina haraka, maana si kijana. Utanioa... nitakuoa... yaani, bibie, utakubali?"

"Unaniposa bila mkanda?"

"Wameuchukua kama kielelezo."

Hapo alicheka, machozi yakaharibu wanja wote aliokuwa ameupanga. "Nimekubali," alisema. "Nimekubali tangu siku ya pili ya kupima. Ya tatu ulikuwa unanichelewesha tu."

"Wazee wangu," alisema mpelelezi, ambaye alikuwa amegeukia dirishani na anapenga kamasi, "niandike kweli au si kweli?"

"Kweli," walijibu kwa pamoja.

Bi Sindano akavuta karatasi, akachukua kalamu, na akasaini kwa mwandiko mkubwa kuliko nafasi waliyomwachia.